Ombi Lisilo na Jina

Mliniacha wiki iliyopita nimeegemea ukuta wa chumba cha kufulia mashuka pale hospitalini, kitambulisho cha kanisa kikining'inia shingoni, na wodini mgonjwa akisubiri sala ambayo nilishindwa kuitoa.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni mtumishi wa huduma ya wagonjwa. Nilianza kanisani kama mfagiaji. Nina darasa la saba basi, na kazi hii ya kwenda wodini kukaa na wagonjwa ndiyo kazi pekee maishani ambayo hakuna aliyeniuliza cheti. Idara yetu ina watu wawili, mimi na Mzee Koti, ambaye havui koti hata jua liwake vipi.

Muuguzi wa zamu alinikuta pale ukutani. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu.

"Wewe unakaa na wagonjwa kila siku. Na wewe nani anakaa nawe?"

Nilitafuta jina la kumtajia, nikakosa. Ndipo nikakumbuka kwamba kanisani kwetu kumefunguliwa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti vya plastiki. Viti vikahamishwa, ukuta ukapakwa rangi ya maziwa, mlangoni ikabandikwa karatasi: USHAURI KWA WATUMISHI. Ndani kuna kochi moja, meza, na boksi la tishu. Mshauri ni mke wa mzee wa kanisa, mama mpole aliyehudhuria semina ya wiki mbili. Siku ya kufungua alimsukumia boksi lile kila aliyeingia, hata fundi rangi aliyekuja kuchukua brashi yake. Tangu hapo tunamwita Mama Tishu. Anajua, na hucheka.

"Kaa, mwanangu," aliniambia. "Hapa ni kaburini. Kinachoingia hakitoki."

Nikatazama mlango.

"Nimeufunga."

"Na dirisha?"

"Mwanangu, dirisha hili linatazama choo cha wanaume. Nani atasimama pale atusikilize sisi?"

Nikacheka. Nadhani ndipo nilipokosea. Mtu akikuchekesha unamwamini.

"Mama, siombi," nikamwambia.

"Huombi vya kutosha? Hata mimi, mwanangu, shughuli..."

"Siombi kabisa. Huu ni mwezi wa nne sijaomba."

"Lakini wagonjwa wanasema ukiwashika mkono wanapata nafuu!"

"Nasoma tebo ya saba."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda asikokujua.

"Tebo, mama. Ile ya kuzidisha. Wakishafumba macho, nawashika mkono, nanong'ona haraka haraka. Saba mara mbili kumi na nne, saba mara tatu ishirini na moja. Nikifika sabini nasema amina. Na wao wanasema amina."

Mama Tishu akafunika mdomo. Sikujua kama anacheka au analia. Mkono wa pili ukasukuma boksi.

"Kwa nini saba?" akauliza mwisho.

"Ya nane huwa naikosea katikati."

Nikamweleza habari za mshonaji. Binti wa rika langu, kitanda cha kumi na moja. Kila nikiingia alinipima kwa macho, akaniambia mabega ya gauni langu yamekosewa, akipona atanirekebishia. Nilikaa naye siku thelathini na nane. Alikata roho nikiwa koridoni natafuna mkate. Niliporudi nikakuta shuka limevutwa mpaka juu. Nikasimama pale, mkate mkononi. Kisha nikatazama orodha yangu, nikaenda kitanda cha kumi na mbili, maana orodha ilisema kumi na mbili.

"Viongozi uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniombea, wakaniongezea wodi ya wanaume."

Ndiyo kwetu. Mtumishi akichoka anaombewa. Akizidi kuchoka anaongezewa kazi, apate kusahau.

Mama Tishu alinishika mikono yote miwili. Hakunihubiria. Alisema nimefanya vizuri kuja, nirudi Alhamisi. Nikatoka mle kifua kimefunguka. Jioni ile nilikula nikamaliza sahani, mpaka shangazi yangu, ninayekaa kwake, akaacha kutafuna.

"Huyu leo ana nini? Umepata mchumba?"

"Nimepumzika tu, shangazi."

"Mapumziko gani yanamaliza sufuria?"

Siku mbili nzima nilikuwa mtu kama watu.

Sasa lazima niwaeleze utaratibu wetu, maana ubaya wote umo humo. Kila Jumanne saa kumi jioni watumishi wote tunakutana ukumbi wa nyuma. Kila idara inakuwa imeshapeleka ofisini ombi lake kabla ya Jumatatu adhuhuri, limeandikwa kwenye karatasi. Kwaya, shule ya Jumapili, walinzi, hata wanaopanga viti. Karatasi zinakunjwa na kutiwa kikapuni. Unaokota moja, unaisoma kwa sauti, na wote tunaliombea ombi hilo kwa pamoja.

Idara isiyoleta karatasi, Mchungaji huitaja. "Naona idara fulani haina shida na Mungu wiki hii." Watu wanacheka, na kiongozi wa idara hiyo anatamani sakafu immeze.

Chumba cha ushauri nacho ni idara.

Nyinyi mmeshaona. Mimi sikuona. Niliketi pale nimetulia, nikitazama kisigino cha kiatu cha mtu aliyekaa mbele yangu, nikiwaza kitaachia lini.

Dada mmoja wa kwaya akaokota karatasi, akaikunjua.

"Kutoka Idara ya Ushauri," akasoma. "Tumwombee mtumishi mmoja wa huduma ya wagonjwa ambaye moyo wake umekauka. Anakwenda wodini lakini haombi tena. Bwana amrudishe."

Kwa kawaida msomaji akifunga kinywa, ukumbi unalipuka kwa sala. Siku ile hakuna aliyefungua mdomo. Mtumishi mmoja wa huduma ya wagonjwa! Tuko wawili. Hata mtoto wa chekechea angepiga hesabu hiyo.

Macho yakagawanyika. Mengine yakanijia mimi, mengine yakaenda kwa Mzee Koti. Nikamtafuta Mama Tishu. Alikuwa amefumba macho, mikono ameinua, uso umejaa huruma, na huruma yenyewe ya kweli. Hilo linaniuma kuliko yote. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningepata pa kuitupa hasira yangu.

Nikaona ufagio wangu wa zamani umeegemezwa kona ya ukumbi, nikajua Jumatatu nitakuwa nao mkononi.

Kiti kikalia. Mzee Koti amesimama.

"Ni mimi," akasema.

"Mzee," Mchungaji akaita taratibu, "una maana gani?"

"Karatasi haina jina, Mchungaji. Mwenye jina ni mimi."

Wakamzunguka. Wakamwekea mikono kichwani, mgongoni, mpaka koti likakunjamana, na sala zikapanda watu wakishindana sauti. Na mimi nikanyoosha mkono nikamshika begani, maana ambaye hakushika angeonekana.

Nihukumuni mnaosoma. Nilinyamaza.

Walipotawanyika nilimfuata bombani, nyuma ya ukumbi. Alikuwa ananawa uso.

"Baba," nikamwambia, "kwa nini umefanya vile?"

"Ningefanyaje, binti? Nimeshasomwa hadharani. Nikae kimya, macho yale yote yakuangukie wewe usiye na kosa?"

Nikalishika bomba.

"Umesomwa wewe?"

"Sasa nani? Wewe?" Akajifuta kwa upindo wa koti. "Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mama. Nikamwambia mambo ambayo sijamwambia hata mwanangu wa kumzaa. Miaka tisa, binti. Tangu tumzike mama watoto. Naingia wodini, nashika mkono wa mtu, nafumba macho, nanyamaza. Wanafikiri naomba kimoyomoyo. Huko moyoni hakuna mtu."

"Miaka tisa, baba!"

"Wewe ungeweza?"

Nikatazama maji ya bomba.

"Akaniambia pale ni kaburini." Mzee Koti akacheka, cheko kavu la kukwaruza koo. "Kaburi gani hilo linafukuliwa kila Jumanne saa kumi?"

Maneno yalinijaa mdomoni. Baba, karatasi ile ilikuwa yangu. Ya kwako bado imefukiwa. Umejivua nguo mbele ya watu bure. Kama ningeyasema pale bombani, kati yetu wawili, maji yakitiririka, yasingemuumiza zaidi ya mtu mmoja.

Lakini nilikuwa namfikiria mtu mmoja mwingine, naye ni mimi.

Mchungaji akamwita ofisini. Alikaa humo muda wa kuchemsha chai. Alipotoka, kamba ya kitambulisho haikuwepo shingoni, na kwenye kola ya koti palibaki mfuo mweupe pale kamba ilipokuwa ikisugua miaka yote.

"Nimepumzishwa," akasema. "Mpaka nipone."

"Utapumzikia wapi, baba?"

"Na mimi nimewauliza hivyo hivyo. Nyumbani nipo mimi na redio." Akaweka sawa koti lake. "Mgonjwa wa kitanda cha nne, wodi ya wanaume, hasikii sikio la kushoto. Mkalie upande wa kulia."

Akaondoka. Kitu cha mwisho alichokumbuka kilikuwa sikio la mtu.

Kesho yake asubuhi niliingia chumbani kwa Mama Tishu bila kubisha hodi.

"Mama, uliniahidi!"

"Sikukutaja jina, mwanangu."

"Tuko wawili!"

"Sasa ningepeleka karatasi tupu? Wiki iliyopita nilitajwa mimi, watu wakanicheka mpaka mume wangu akaona haya. Halafu kuombewa siyo kusengenywa. Nilikuonea uchungu. Nikasema watu thelathini wakubebe, mimi peke yangu siwezi."

"Wamenibeba? Wamembeba Mzee Koti wakamtupa nje!"

Akaanza kulia. Akapapasa mezani bila kuona. Nikamsukumia boksi.

"Nakwenda kusema," nikamwambia.

"Usiende." Alinishika kiwiko kwa nguvu nisiyoitegemea. "Nakuomba. Ukilivuta jambo hili litakuja na mengine. Mzee alikuwa amechoka, mwache apumzike. Wewe una nafasi ya kupona. Njoo Alhamisi, tuongee taratibu."

"Niongee tena? Humu?"

Akaachia kiwiko.

Sikwenda kusema siku ile. Nilikwenda wodini. Nikamkalia upande wa kulia mgonjwa wa kitanda cha nne. Akaniuliza, "Yule baba wa koti yuko wapi? Anajua kukaa. Nyinyi wengine mnaongea sana." Nikamwambia anapumzika. Akasema, "Mwambie asipumzike sana, mimi sina muda."

Ijumaa nikaitwa ofisini. Niliingia nimejiandaa kuvua kitambulisho.

"Kaa, dada," Mchungaji akasema, mchangamfu. "Tumekuwa tukikuangalia. Kazi yako inaonekana. Jumapili tunataka kumrudisha Mzee wetu kwa maombi, mbele ya kanisa zima. Na wewe ndiye utakayemwekea mikono."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Wodi nzima inakusifu. Baada ya hapo tutatangaza kwamba idara ni yako. Utapewa na msaidizi."

"Mchungaji, mimi sifai."

"Unyenyekevu wako ndio unaotupendeza," akasema, akaniandika kwenye ratiba.

Nyumbani shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. "Kiongozi wa idara! Na darasa lake la saba! Waambie wale waliosema utafagia mpaka uzeeke!" Nikamvuta ndani, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni kwa furaha.

"Nani alisimama Jumanne?" akauliza.

"Mzee Koti."

"Ulimsimamisha wewe?"

"Hapana."

"Basi. Aliyesimama kasimama. Wewe kaa."

"Shangazi, alidhani..."

"Na wewe ukisimama, Jumatatu unapewa ufagio, Jumanne unasomwa kikapuni, na mimi sokoni nitapita na uso gani? Kaa, mwanangu. Nakuomba kaa."

Ni watu wawili walioniomba ninyamaze wiki ile, na wote wawili walinipenda.

Jumapili nilivaa gauni lile lile lenye mabega yaliyokosewa.

Kanisa lilijaa. Mzee Koti aliitwa mbele, akapiga magoti kwenye mkeka, koti limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Mchungaji akaeleza kwamba kuna mtumishi aliyekaukiwa, na kuna mtumishi ambaye kisima chake bado kinatoa maji. Watu wakasema amina. Akanikabidhi maiki.

"Omba, dada."

Nikaweka mkono juu ya kichwa cha mzee. Kilikuwa cha moto.

"Fanya fupi, binti," akaninong'oneza bila kuinua uso. "Magoti yangu."

Nikafumba macho. Nikangoja kitu chochote kije. Nikafumbua.

"Karatasi ya Jumanne ilikuwa yangu," nikasema. Spika zikapiga ukelele, nikaisogeza maiki mbali kidogo. "Siyo ya Mzee Koti. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mshauri wiki ile. Mimi ndiye nisiyeomba. Nilimwacha asimame badala yangu, nikamshika bega."

"Yesu wangu!" shangazi akasema kutoka benchi la tatu. Nadhani ile ndiyo sala pekee iliyotoka moyoni asubuhi ile.

Nilitegemea kelele. Nilitegemea kuburutwa. Nilichokiona ni Mzee Koti ananyanyua uso, ananitazama, na macho yake yanakwenda na kurudi kama ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau wapi. Akanishika mkono, akajivuta, akasimama. Akageuka kwenye benchi la wake za wazee.

"Mama," akamwita Mama Tishu. "Kumbe ile haikuwa yangu?"

Mama Tishu akatikisa kichwa. Alikuwa hana tishu, alikuwa anatumia mtandio.

"Hukuniandika?"

"Sikukuandika, mzee. Haki ya Mungu sikukuandika."

Mzee Koti akaitikia kwa kichwa, pole pole. Halafu akamgeukia Mchungaji. Hakuwa na maiki, lakini kimya kilikuwa kikubwa, na wa mlangoni alisikia.

"Mchungaji. Jumanne uliponiita ofisini, kabla sijakaa kwenye kiti, uliniambia miaka tisa ni mingi. Nikadhani mama amekueleza pamoja na karatasi ile." Akavuta pumzi. "Karatasi siyo yangu. Sasa miaka tisa uliijua lini?"

"Mzee, tutaongea ofisini."

"Uliijua mwezi uliopita?"

Mama Tishu akajifunika uso mzima kwa mtandio.

"Kama ulijua mwezi mzima," Mzee Koti akasema, "mbona kila asubuhi ulinipa orodha ya vitanda? Mbona hukuniuliza hata siku moja, mzee, umelala?"

Walio nyuma wakaanza kusimama ili waone. Na mimi, niliyezoea kuwatazama watu, nikawatazama watumishi wenzangu waliokaa safu ya pembeni. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ameshika mdomo. Dada wa kwaya aliyesoma karatasi alikuwa ameinamia magoti yake. Mlinzi alikuwa amevua kofia. Hapo nikaelewa kwamba sisi wawili hatukuwa peke yetu tulioketi kwenye kochi lile, na kila mmoja alikuwa anajiuliza la kwake limefika ofisi gani.

Mchungaji akashuka ngazi akitabasamu, tabasamu la kuonwa na walio mbali.

"Lete maiki, dada," akasema chini chini, akanyoosha mkono.

Mzee Koti naye akanyoosha wa kwake.

Mikono miwili ikanisubiri, na maiki ilikuwa bado inawaka, kitufe chake chini ya kidole changu.